Kipa Hapewi Mkono

Wiki iliyopita pikipiki niliyopanda ilikwama nyuma ya lori lililobeba marobota ya tumbaku. Barabara ilikuwa nyembamba, hakukuwa na namna ya kulipita, na kijana aliyeniendesha akaanza kulalamika kwamba harufu inamkaba. Nikamwambia asihangaike kulipita, tufuate polepole tu. Watu wa rika langu waliokulia huku kwetu hawahitaji kuelezwa harufu ile: utamu kidogo, moshi kidogo, na kitu kama asali iliyoungua. Kwa wengine ni harufu ya zao la biashara. Kwangu mimi ni mikono ya baba, na baba tulimzika masika yaliyopita.

Msibani sikulia. Nilisimama mlangoni nikapokea pole kama mtoto mkubwa anavyotakiwa, na watu wakasema mwana wa marehemu ana moyo wa chuma. Nilikuja kulia nyuma ya lori lile, mtu mzima na kipara changu, mpaka kijana wa pikipiki akasimama kuniuliza kama vumbi limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, ni vumbi.

Tulikuwa wakimbizi. Nalitaja neno hilo mapema ili lisitusumbue mbele ya safari. Mimi nilizaliwa papo hapo Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na Burundi sijaiona hata kwenye picha, lakini ukimbizi siku zile ulirithiwa kama mtu anavyorithi pua. Wazazi walikuja kabla yangu, wakaonyeshwa pori, wakafyeka, wakajenga kanisa, wakalima mahindi na tumbaku. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, karatasi yenye muhuri inayosema unakwenda wapi na unarudi lini. Katavi nayo lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu, mkoa haukuwapo. Sisi tulisema tunakwenda Mpanda, na kwa sababu ya karatasi ile Mpanda ilikuwa mbali kuliko kilomita zake.

Udakaji nilifundishwa na baba bila mwenyewe kujua. Nyuma ya nyumba tulikuwa na bani, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku kwa moto. Majani mabichi yanafungwa kwenye fito, na fito zinapangwa ndani ya bani toka juu kabisa kushuka chini. Lazima mtu apande akae juu kwenye miti, azipokee. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wenzetu walitumia ngazi na kupokezana taratibu, lakini baba alikuwa mfupi na hana subira, kwa hiyo alizirusha. "Fata!" alipaza sauti, ndiyo kusema shika kwa Kirundi, na ufito mzima wenye majani mazito ulinijia kwenye giza la bani nikiwa nimeng'ang'ania mti kwa miguu. Ukiudondosha majani yanapasuka na bei inashuka. Baba hakunipiga hata siku moja kwa kudondosha. Aliniangalia tu, akainama kuokota. Nilijifunza kudaka ili nisiangaliwe vile.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa la saba, timu moja ya mjini ilipokuja Katumba kucheza mechi ya kirafiki. Walitufunga, mimi nikiwa golini, lakini siyo kwa idadi waliyoizoea, na jioni kocha wao, ambaye wote walimwita Mwalimu, akaja mpaka nyumbani. Baba alimpa kigoda, akamsikiliza, halafu akauliza swali lake.

"Huyu kwenye huo mpira anafanya kazi gani hasa?"

"Analinda goli, mzee."

"Analinda na nani?"

"Mabeki wapo. Ila wakishapitwa hao, anabaki yeye peke yake."

Baba akafikiri. "Hiyo kazi ya upweke," alisema. "Haya, mchukue. Kibali nitamfuatilia mimi. Na siku moja nitakuja nione mnachomfanyisha."

Ahadi hiyo ndiyo niliyoondoka nayo. Nguo zangu zilijaa mfuko mmoja wa plastiki, lakini ahadi ile niliibeba kila mahali. Baba hakuwahi kunitazama nikicheza. Kwake mpira ulikuwa mchezo wa watoto ambao mtu mwingine anawalimia. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, aje anione golini, anione nadaka mpira mbele ya watu, ajue kwamba zile fito hazikupotea bure.

Timu ilikuwa na kambi, nyumba ya vyumba vinne karibu na uwanja. Wachezaji walilala watatu watatu, wakicheka mpaka ukuta unatetemeka. Mimi nilipewa stoo, pamoja na mipira, nyavu zilizochanika na ndoo ya chokaa ya kuchorea uwanja. Wenzangu walikula ugali kwenye sinia moja, mikono inagongana. Mimi niliwekewa sahani yangu pembeni, na beseni langu la kunawia. Na asubuhi nyingi walipokutana walipigana viganja, mmoja baada ya mwingine, paa, paa, paa, wakifika kwangu mkono unaingia mfukoni. "Vipi kipa," wanasema, wanainua kidevu, wanapita.

Sikuuliza. Mkimbizi haulizi kwa nini, jibu analo tayari. Kule nyumbani wazee walitwambia kwamba mjini watu watatujua tu, hata tukisema Kiswahili cha kuimba. Nikajiuliza wamenijuaje, na akili yangu ya kitoto ikafika kwenye mikono. Mtu anayechuma tumbaku mbichi mikono yake inashika utomvu mweusi unaokaa kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha, na harufu haitoki hata kwa sabuni. Nilikuwa na hakika kwamba wanainusa Katumba mikononi mwangu. Basi kila jioni nilikwenda bombani, nikajisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani ya mpapai, mpaka viganja vikapasuka. Kisha narudi stoo, nalala kwenye nyavu, nalia bila sauti. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile tena maishani, na nimekwisha kukaa hospitali wiki tatu na mguu umening'inizwa.

Aliyenikuta bombani ni Masanja, beki wetu wa kati, Msukuma mrefu ambaye familia yake ilihamia Mpimbwe na ng'ombe zao. Alisimama akanitazama ninavyojichubua.

"We kipa, unafanya nini hiyo mikono? Jumapili utadakia nini?"

Nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri, nadhani maumivu. Nilimwambia najua hawataki kunishika kwa sababu mimi wa Katumba. Masanja alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

"Nani kakwambia? Hee! Kipa hapewi mkono, bwana. Toka Alhamisi mpaka filimbi ya mwisho Jumapili. Ukimpa mtu mkono umempa na mpira. Hata angekuwa mtoto wa mkuu wa wilaya, angelala hukohuko stoo. Muulize Mzee Sindani."

Mzee Sindani alikuwa mzee wa timu, mwenye dhamana ya mambo yasiyoandikwa kwenye daftari la Mwalimu. Kila timu siku hizo ilikuwa naye, na ninyi wenzangu mnajua ninachosema. Yeye ndiye aliyechagua timu ipitie wapi kuingia uwanjani, maana mlangoni hatukupita kamwe, na ndiye aliyekuwa na chupa ya maji yenye mizizi. Alinieleza bila kucheka. Kipa aliyenitangulia, alisema, alikutana na shemeji yake sokoni siku ya Jumamosi, akamsalimia kwa mkono kwa kuona haya kumnyima. Kesho yake wakafungwa manne. Jumatatu kipa yule alirudishwa kwao.

"Wewe ukirudishwa unarudi wapi?" aliniuliza.

Nilijua ninarudi wapi. Narudi juu ya miti ya bani, na kibali changu kinakufa.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilitulia. Nilipitiliza, nikaanza kuringa. Ile sahani ya pembeni ikawa cheo. Nikitembea mjini nilikunja mikono kifuani ili watu waone ni mikono isiyoguswa, na watoto wa uwanjani walinipisha njia. Upweke ulikuwa ni uleule, stoo ni ileile na nyavu ni zilezile, ila sasa ulikuwa na sababu, na kijana wa miaka kumi na mitano ukimpa sababu anaweza kulala hata kwenye misumari. Mechi sita tulicheza bila mpira kuingia kwenye wavu wangu. Mzee Sindani alinitazama kama mtu anavyotazama shamba lake baada ya mvua. Nikasahau kabisa jinsi nilivyojisikia wiki zile za kwanza, mikono ikinikwepa na hakuna aliyenieleza.

Mechi ya saba ilikuwa ya kuamua nani atoke wilayani aende mbele. Wageni walitoka kando ya ziwa. Uwanja ulijaa tangu saa sita, wengine wamepanda juu ya matrekta. Sisi tulikuja kwa nyuma, tukasimama mstari mmoja kwenye uzio wa minyaa ambako Mzee Sindani alikuwa ametoboa tundu la kupitia. Alikuwa amekwisha kuninyunyizia maji yake. Watu wamezunguka, wanaimba majina yetu.

Nikasikia mtu anaita kwa Kirundi, "Mwana wanje! Mwana wanje!" Mwanangu.

Alikuwa baba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, suruali imebanwa na kamba chini ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ameiegemeza baiskeli ya jirani kwenye minyaa, ana kifurushi kwapani. Alikuja moja kwa moja, akicheka, mikono yote miwili mbele. Kwetu hatusalimiani kwa vidole. Unamshika mtu mikono, unaishikilia, unamuuliza habari za nyumba nzima huku umeishikilia, na ukimaliza unaanza upya.

Niliiweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili. Hapo ndipo panaponiuma, kwa hiyo niseme vizuri. Sheria ya Mzee Sindani ilikataza mkono, haikukataza mdomo. Kwa sentensi moja ya Kirundi, fupi tu, baba angeelewa na angecheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuelewa. Ningesema, data, ndiyo kusema baba, ni mwiko wa mpira, nisubiri mechi iishe. Lakini ningeisema mbele ya Masanja na wenzake, mbele ya watoto waliokuwa wakinipisha njia, mbele ya mji mzima uliokuwa ukiimba jina langu na ambao, nilitumaini, ulikuwa umeanza kusahau ninatoka wapi. Sentensi ilifika kooni. Nikaimeza.

Baba alisimama na mikono yake hewani. Ilikuwa na ule weusi wa utomvu kwenye mistari, msimu ulikuwa umepamba moto. Aliitazama yeye mwenyewe, kwanza mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta kosa liko wapi. Halafu akaishusha.

"Marahaba, mwanangu," alisema, naye kwa Kiswahili. "Ucheze vizuri."

Mzee Sindani, ambaye adabu haikumpungukia, alitoka nyuma yangu akampa baba mkono, akautikisa, akamwambia karibu sana mzee, una kijana. Baba akamshukuru. Kisha mstari ukasogea, nikainama, nikapita kwenye tundu la uzio.

Tulishinda mbili bila. Mnataka kujua nilidaka nini siku ile? Sikudaka kitu. Wale wa ziwani walikuwa wamekuja juu ya lori siku mbili, wamechoka, hawakuvuka katikati ya uwanja isipokuwa mara chache. Mpira niliugusa mara nne, zote kwa kupiga goli kiki. Dakika tisini nzima nilikuwa na nafasi ya kutosha kutafuta koti jeusi pembeni mwa uwanja. Nilianza kwenye minyaa, nikaenda kwenye matrekta, nikazunguka mpaka kona ya pili, nikarudia. Mapumziko yalipoisha tukabadilisha upande, nikatafuta tena kutoka upande ule mwingine. Nilijiambia amekaa chini, ni mfupi. Nilijiambia filimbi ikilia nitakimbia hata kabla ya kushangilia, nitamshika mikono mpaka achoke.

Filimbi ililia. Wote wakanirukia, wakanishika mikono kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na mimi nawasukuma nipite. Masanja akanivuta pembeni akanipa kifurushi. Ndani kulikuwa na karanga za kuchemsha, bado zina uvuguvugu wa jua.

"Mzee wako aliniachia tulipokuwa tunaingia," alisema. "Kasema anawahi, kibali chake kinaisha leo."

Kibali kilikuwa cha siku mbili, mpaka Jumatatu. Hilo nililijua kwa mama baadaye. Alikuwa amekiomba kwa majuma mawili, akaenda ofisini na kurudi mara tatu, ili apate kulala Mpanda usiku mmoja na mwanawe.

Wiki mbili zilipita ndipo Mwalimu aliponiruhusu kwenda nyumbani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno kwa Kirundi, naanza, nakosea, naanza tena. Nilitaka kumweleza sheria, kipa aliyefukuzwa, stoo, sahani. Nilitaka pia kumweleza ile sentensi niliyoimeza, maana nilijua bila hiyo maelezo mengine yote ni uongo wenye nguo safi. Nilikuwa nimeamua. Na kwa sababu ilikuwa siku ya kawaida, siyo siku ya mechi, nilikuwa na mikono yangu yote miwili ya kumpa.

Niliwakuta nje ya bani, majirani kama sita, wamekaa chini wanafunga majani kwenye fito, maana msimu ule watu walisaidiana nyumba kwa nyumba. Baba yuko katikati. Kabla sijamfikia, mama Veneranda, jirani yetu wa karibu kabisa, mama mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya, aliruka kutoka kwenye mkeka.

"Kipa wetu huyo! Njoo, njoo tukuone! Penalti uliidakaje wewe mtoto?"

Nikasema penalti gani.

"Anajifanya hajui! Baba yako katuhadithia yote. Umeruka upande huu, mpira uko upande ule, ukageuka hewani! Watu wakavunja uzio!" Wengine wakaitikia, mmoja akasimama kuonyesha nilivyoruka, na ilionekana ameonyesha mara nyingi. "Lakini siyo hiyo iliyoniliza mimi," mama Veneranda aliendelea, na hapo akashusha sauti. "Iliyoniliza ni pale ulipomwona tu, ukaacha wenzako wote kwenye mstari, ukaja ukamshika mikono miwili, mbele ya mji mzima, ukasema naye Kirundi. Nikawaambia wanangu, mmesikia? Huyo mpira haujampoteza. Huyo hajaona haya."

Nilimtazama baba. Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea, majani matatu, kamba, majani matatu, kamba. Nilitaka kusema. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwapo, kwa Kirundi kisicho na kosa hata moja. Lakini kila neno ambalo ningelisema lingemfanya mwongo mbele ya majirani zake, na alikuwa amesema uongo ule kwa ajili yangu, ili nikirudi nipate pa kurudi.

"Si ndivyo ilivyokuwa, mwana?" aliuliza, macho bado kwenye kamba.

"Ndivyo, data," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mama Veneranda akapiga kigelegele, nikasogezewa fungu la majani nikakaa. Tulifunga mpaka yakaisha, na siku iliyofuata hatukulizungumza, wala mwaka uliofuata. Nilikuja kudaka kwa kulipwa, miaka tisa, kwenye viwanja vyenye majani na taa, na wazazi wa wenzangu wakaja kuwatazama kutoka mbali kuliko Katumba. Vibali navyo viliisha, tukawa raia kama watu wengine, baba angeweza kupanda gari siku yoyote aliyotaka. Hakuja tena hata mara moja. Na mimi sikumwita, kwa sababu mtu unamwita aje kuona jambo kwa mara ya kwanza, na baba, kwa mujibu wa kijiji kizima, alikuwa ameshaona.